Nyumba ya Nyanya

Madirisha manane yameegemea ukuta wa banda
kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina.
Ni ya nyumba ya nyanya Velta, ile ya kando ya kiwanda cha maziwa,
ambayo mwenyewe mpya ameitia plastiki nyeupe kila tundu
na haya akayatupa kwenye theluji iliyobaki.
Mjomba Talivaldis ameyaleta kwa toroli, safari nne,
hakuna kioo kilichovunjika,
na jambo hilo amelisema mara kumi tangu asubuhi.

Hakuna mawili yaliyo sawa.
La chumbani refu, la jikoni pana,
la chooni dogo kama kitabu cha sala.
Tunapima kwa uzi wenye mafundo, maana futi yake ya chuma
aliikalia mwaka juzi, na tangu hapo ni mwongo.
Misumari ya zamani anainyoosha juu ya jiwe,
anaigonga taratibu, anaisemesha.
Mipya ipo, imejaa kopo, inang'aa.
"Hiyo haijaona kazi," anasema.

Nguzo nne za msonobari tumezibabua ncha motoni
ili udongo usizile upesi.
Fremu ya kwanza inasimama. Ya pili inasimama.
Ya tatu inamwangukia kifuani,
anaikumbatia kama mlevi anayemfahamu,
anacheka, anatukana,
ananisihi nisimwambie mamaye.

Saa nane mlango unagoma.
Tumeufunga ufungukie ndani, na ndani pana tuta.
Skrubu kumi na mbili, kutoa.
Skrubu kumi na moja, kurudisha.
Moja imemezwa na majani. Ikae huko.

La jikoni tunaliweka mwisho, kwenye paa, limelala chali.
Hili nalijua.
Ubavuni mwa fremu kuna mikato ya kisu:
kimo changu cha miaka mitano, sita, saba,
halafu basi, tulihamia Riga.
Na kwenye kioo chake, baridi ilipochora maua ya barafu,
nyanya alikuwa akipasha sarafu juu ya jiko,
anaibandika, anayeyusha kitundu cha duara,
anakitia jicho aone barabara:
nani anakuja, nani anapita tu.
Tarishi. Gari la maziwa.
Mwaka mmoja, siku tatu mfululizo, hakuna mtu.
Hakutuambia alikuwa akimngoja nani.

Jioni Skaidrite anamleta kutoka ghorofani kwake,
koti la kanisani, viatu vya bustani.
Hasemi vizuri. Hasemi asante.
Anaizunguka mara moja, kiganja kikipapasa rangi iliyobanduka,
anatamka: "Mlango mmeuelekeza upepo."
Kisha anainama, anaingia, anakalia ndoo.

Tunamwona vipande vipande:
bega kwenye dirisha la chumbani,
kiwiko kwenye la chooni,
kitambaa cha kichwa kati ya miche ya nyanya
inayotetemeka ndani ya makopo ya mtindi.
Anainua uso kwenye la jikoni.

"Barabara imekwenda wapi?"

Mjomba, mwenye jibu la kila kitu, anatazama nyundo.
Juu ya kioo linapita wingu, lingine,
halafu korongo, miguu nyuma, wa kwanza mwaka huu.
"Huyu je," anauliza nyanya, "anakuja au anapita tu?"

Anakataa kurudi mjini.
Usiku redio inatangaza sifuri, kisha chini ya sifuri.
Naamka, natoka na tochi, pajama ndani ya buti.
Kila mche umevikwa kofia ya gazeti.
Mshumaa unawaka chini ya chungu kilichopinduliwa,
na ndoo nayo imepinduliwa, imesogezwa katikati.
Namulika paa.
Kioo cha jikoni kimeota maua meupe pembe hadi pembe,
isipokuwa pahali pamoja,
padogo, duara,
ukubwa wa sarafu.